Kona za Uwanja wa Klabu

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Katibu wa klabu ya Wazungu pale Moshi alinizungusha uwanjani, akanikabidhi reki na ndoo ya chokaa. "Kazi yako ni nyasi," aliniambia. "Nani azikanyage, hilo ni langu." Nilikuwa kijana wa Majengo, sijaoa. Nikajifunza kuvuta rola, lile pipa zito la chuma la kushindilia ardhi, na kuchora njia za wakimbiaji, ambazo kwenye kona lazima zipinde taratibu bila kuvunjika.

Mara moja kwa mwaka uwanja ulifunguliwa kwa mashindano ya Waafrika. Ndipo nilipomwona Elifasi wa Machame, aliyezoea kuteremka mlimani mbio kila asubuhi kuleta maziwa mjini. Kwenye sehemu iliyonyooka hakuna aliyemfikia. Kwenye kona miguu ilimtupa nje, akaingia njia ya mwenzake, akatolewa. Nilimkuta amekaa chini, ameduwaa. Akaniambia kwao ni kupanda na kushuka tu. Kona ya tambarare hakuwahi kuikimbia.

Jambo hilo lilininyima utulivu. Nikamwomba Bwana Katibu amruhusu ajizoeze. Akasema uwanja ni wa wanachama. Baadaye nikaomba msaidizi wa kuvuta rola, maana kazi ilikuwa nzito kweli. Hilo akalikubali, na niliyemleta ni Elifasi.

Basi akawa anauza maziwa, anavuta rola, na umande ukikauka anakimbia. Nilisimama penye kona nikimwelekeza alaze bega la ndani, afupishe hatua, huku shingo yangu ikigeuka kila mara kutazama lango. Sikunywa chai kwa raha miezi ile. Siku moja Bwana Katibu akatokea mapema.

"Huyo anafanya nini?"

"Anapima mistari, Bwana."

Akamtazama Elifasi akizunguka kona nzima bila kugusa chokaa. "Mwambie amalize kupima kabla wanachama hawajafika."

Mwaka uliofuata Elifasi alishinda Moshi, akapelekwa Dar es Salaam, akashinda na huko. Akachaguliwa kwenda Nairobi. Lakini kabla ya safari Bwana Katibu alirudi kwao, na aliyeshika nafasi yake akamfukuza Elifasi siku ileile alipomwona anakimbia. Tukahangaika. Tukaenda kwenye malisho ya Shirimatunda, tukachora njia kwa majivu. Mvua ikaifuta, tukachora tena, ng'ombe wakaivuruga. Mwishowe Elifasi akaingia shimoni, akateguka kifundo cha mguu. Alikwenda Nairobi hivyo hivyo, akamaliza wa mwisho.

Mjini wakasema aliogopa umati. Mimi nikapanda Machame kumwambia tutafute mahali pengine. Nilimkuta akikata majani ya ng'ombe, wala hakuweka panga chini.

"Kaka Juma, mbio sijazichoka," alisema. "Nimechoka kuiba uwanja."

Hakushindana tena.

Mimi niliendelea na nyasi mpaka nikastaafu. Siku hizi vijana wakimbiaji huja nyumbani, wakanipa shikamoo, kisha wakaanza kubishana nani ana mapafu, nani kazaliwa na mbio. Nawasikiliza kidogo, halafu nashindwa kukaa. Nainuka na kuwauliza wanafanyia wapi mazoezi. Wakijibu kuwa ni barabarani, sirudi kitini mpaka waniambie wamemwomba nani kiwanja, na amewajibu nini.