Maji ya Saa Mbili Asubuhi

Nakumbuka mwaka 2007, mwanangu, nikiwa nimerudi Nakuru na diploma yangu ya usimamizi wa mazingira. Sikusomeshwa na mjomba wala mwanasiasa. Niliosha vyoo vya watu Uingereza miaka minne nikajilipia karo mwenyewe, na hilo nitalisema hadi kaburini. Kwa hiyo kiwanda cha ngozi kiliponiajiri nikitengenezee mfumo wa mazingira ili kipate cheti cha kutunza mazingira, niliona wao ndio wenye bahati.

Niliandika kitabu kinene cha utaratibu. Kila siku saa mbili asubuhi maji machafu yapimwe yanapotoka, nami nitie sahihi. Miezi mitatu matokeo yakawa mazuri mno. Nilijisifu hadi kantini.

Siku moja kabla ya wakaguzi kuja, Mzee Wafula, fundi wetu wa mabomba, mwana wa mfanyakazi wa reli, alisimama mlangoni kwangu.

"Boss, hiki kitabu ulikiandikia wapi?"

"Hapa ofisini."

"Nilijua tu. Mapipa ya dawa za ngozi tunayafungulia mtaroni saa nane mchana. Asubuhi unapima maji ya watu kunawa mikono."

"Mzee, mimi nimesomea haya mambo."

Akacheka. "Basi leta hayo masomo saa nane."

Nilienda, nikiwa na hasira. Maji yalitoka ya kijani, na kipimo kikaonyesha sumu kupita kiasi. Tulifuata mtaro hadi upande wa mtaa wa Rhonda, tukamkuta mama mmoja akimwagilia sukuma wiki kwa maji hayo hayo.

"Huyo ndiye anauzia kantini yetu," mzee akasema. "Nawe hula hapo kila siku."

Nilimwambia mzee kwamba wakaguzi wanasoma faili tu, hawatajua. Nikifichua, kazi yangu inaweza kwisha.

"Na yule mama je?"

Nilienda kwa mwenye kiwanda, Mhindi mzee wa maneno machache, nikamwambia faili zangu zote hazina maana. Aliagiza mapipa yafungwe. Kesho yake wakaguzi waliambiwa ukweli, na cheti tukanyimwa. Sikufukuzwa. Tulichimba bwawa la kusafishia maji, nikaandika kitabu upya nikiwa nimeketi kando ya mabomba, nusu yake Mzee Wafula akinitajia. Mwaka uliofuata cheti kikaja. Jina lililoandikwa ni langu, ila mwalimu alikuwa yeye, nami namshukuru hata leo.

Mwanangu, ukipewa kazi ya kuwaandikia wengine utaratibu, kwanza shinda nao kutwa nzima, asubuhi hadi jioni, ndipo ushike kalamu. Na ukisahihishwa na mtu asiye na cheti, usimwoneshe cha kwako. Inuka umfuate.

Mungu akubariki, akupe kazi ya kujivunia, na akuzungushie watu wa kukwambia ukweli ukingali na muda wa kurekebisha.