Mgonjwa Chini ya Turubai

Kwa miaka thelathini na moja Mastura ameosha maiti za wanawake wa Mambrui, na hakuna aliyewahi kumwona akikunja uso. Ameosha waliozama wakaokotwa siku ya nne. Ameosha waliolala na vidonda mpaka godoro likaoza. Akimaliza hunawa, akala wali wake akashiba. Mastura hana kinyaa, majirani husema, na mwenyewe aliamini hivyo mpaka mwaka huu, mwanawe alipoleta gari nyumbani.

Lilikuwa Peugeot 404 la mwaka 1968. Zuhair, mtunza stoo wa hoteli moja mjini Malindi, alilikuta Takaungu nyuma ya nyumba ya Bwana Amin, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Alilipenda papo hapo. Angelinyoosha bodi, angelipiga rangi, kisha angelikodisha kwa maharusi na kwa watalii wapenda picha. Wazo lenyewe halikuwa la kijinga. Lakini chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi wa hoteli hakikopeshi mtu kununua gari lililozidi miaka kumi na mitano.

"Hii gari ilizaliwa kabla yangu, ndugu," Japheth, karani wa mikopo, alimwambia akicheka. "Fomu yako itarudi. Lakini mkopo wa dharura ya matibabu hauna maswali mengi. Siku tatu umetoka."

"Na mgonjwa nimtoe wapi?"

"Kwani huna mama?"

Hayo Mastura aliyajua baadaye, alipombana mwanawe neno kwa neno. Alichokijua wakati ule ni kwamba Zuhair alimjia jioni moja, akaketi kando yake mkekani, akasema kwa sauti laini, "Mama, nipe kitambulisho chako nikatoe nakala. Mambo ya bima. Sitaki siku moja uhangaike." Alimpa, na akamwombea dua.

Wiki ya pili gari likaingia uani likikokotwa kwa kamba. Mastura alifungua mlango wa gari, akaufunga. Mavi ya kuku, mkojo wa panya, na sponji iliyolowa maji ya mvua ya miaka mingi.

"Ni lako hili?"

"Letu, Mama."

"Mimi nitoe. Bibi harusi atapanda na marashi ashuke na viroboto."

Zuhair alicheka, akalifunika turubai chini ya mti wa mkungu, akaenda zake kazini.

Jumamosi iliyofuata Mastura alikuwa juu ya kigoda akipaka chokaa ukuta wa mbele. Wakaja watu watatu asiowajua, na kikapu cha sukari, sabuni na machungwa. Mwanamke aliyetangulia, Damaris, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maslahi ya chama. Nyuma yake walikuwa Thoya, mpishi, na Kavata, mtandika vitanda.

"Shikamoo, mama. Tumekuja kumwona mgonjwa."

"Marahaba. Mgonjwa yupi, mwanangu? Hapa tuko wawili, na mwenzangu yuko kazini."

"Mama yake Zuhair."

"Ndiye mimi."

Damaris aliitazama ndoo ya chokaa, akakitazama kigoda. "Wamekuruhusu kusimama, mama? Na hizo figo?"

Thoya alimpokonya brashi kwa adabu, akamshika mkono na kumshusha kama yai. Mastura akakumbuka kitambulisho. Aliwatandikia mkeka, akaketi, na alipotaka kusema neno, akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo cha uongo, cha kumsitiri mtoto. Wageni wakainamisha vichwa, Damaris akamwombea kwa Yesu, na Mastura akaitikia amina huku ulimi ukimwasha kama aliyelamba chokaa.

Kavata alisogea karibu. "Mama, mguu wako huvimba? Wa mamangu huvimba mpaka kiatu kinakataa." Akambonyeza ugokoni kwa kidole gumba, akasubiri aone kama kishimo kitabaki. Nyama ikarudi mara moja. "Wako mzuri. Dawa zimekukubali."

"Mamako anatibiwa wapi?"

"Alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Sasa ni mara moja. Niliomba mkopo, lakini pesa za dharura zimekwisha mpaka mwisho wa mwezi. Si neno, mama. Wewe ulitangulia."

Alilisema bila kinyongo, akimkunjulia leso miguuni.

Hapo Mastura, aliyestahimili maiti za siku nne, akashikwa na kinyaa. Aliinuka, Damaris akimsihi aketi, akatembea hadi chini ya mkungu. Alivuta turubai kwa mikono miwili. Panya akaruka dirishani.

"Mgonjwa wenu ni huyu," alisema. "Mimi sina figo mbovu. Na kile kikohozi kilikuwa cha uongo."

Thoya alilizunguka gari, akaigusa bodi, na kipande kikabaki mkononi mwake.

"Huyu ashakufa, mama. Ni wa kuoshwa tu."

Hakuna aliyecheka. Damaris alikuwa ameshatoa simu.

Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo. Japheth alisimamishwa kazi. Bwana Amin alilipokea gari, akarudisha pesa baada ya kukata gharama ya kulikokota, na Zuhair akauza pikipiki yake kufidia pengo. Alhamisi mkopo wa Kavata ukatoka.

"Umeniaibisha mbele ya watu wa kazini, Mama."

"Nami nilikohoa kwa ajili yako. Yupi kati yetu aliyemwaibisha mwenzake zaidi?"

Jumapili alimbebesha Zuhair kikapu kile kile cha sukari na sabuni, wakaenda Malindi kwa mamake Kavata. Mgonjwa alikuwa kitandani, miguu imemvimba kama magogo. Mastura aliikanda bila kukunja uso. Zuhair akapiga goti, akamshika mgonjwa mkono.

"Pole sana, mama. Mungu akupe afya. Hatutaki uhangaike."

Mgonjwa alitokwa na machozi, akambariki. Mastura aliendelea kukanda, macho ukutani. Aliijua sauti hiyo. Ndiyo ile iliyomwomba kitambulisho.