Wifi Shekha na Nafasi za Mbele

Wifi yangu Shekha hakuchaguliwa na mtu kusimamia uwanja. Alijichagua mwenyewe, na mimi niliyekuwapo siku hiyo nasema alifanya vyema, ingawa nikimwambia hivyo hunijibu kwamba sifa za wifi hazikosi mwiba ndani.

Kila mwaka, siku ya Idi pili, vijana wa sarakasi waliokuwa wakiwachezea watalii katika mahoteli ya Malindi walikuja mjini kuwachezea watoto wetu bure. Walicheza baada ya sala ya alasiri, katika uwanja ulio nyuma ya ghala la zamani la pamba. Kamba ilizungushwa duara, wao ndani, sisi nje. Na huko nje ndiko kulikokuwa na sarakasi yenyewe, maana kila mama alitaka mwanawe akae mbele, na mbele ni pale pale, hapapanuki. Mwaka wa sabini na tisa watu walisukumana hata mtoto mmoja akavunjika mkono. Shekha akavuta kreti la soda, akapanda juu yake, akapiga ukelele: "Kaeni chini!" Watu wote wakakaa. Hata vijana wa sarakasi walikaa.

Tangu siku hiyo uwanja ukawa wake. Siku nyingine za mwaka alikuwa mjane kama wajane wengine, mke wa marehemu kaka yangu Stambuli, anayeamka alfajiri kukaanga mahamri ya kuuza madukani. Siku ya Idi pili alikuwa serikali.

Nafasi ilishikwa kwa leso, kanga ya kujifunga. Leso moja watoto wanne, wala usimlete wa tano ukasema huyu mwembamba. Juu ya leso sharti akae mtu. Kiatu, kikapu na chupa ya chai havikushika nafasi. "Kiatu kina macho?" alikuwa akiuliza, kisha anakirusha huko nyuma, mwenyewe akakitafute. Tena leso itandikwe maandishi yakiangalia chini. Hiyo aliitunga baada ya mke mmoja kutandika leso yenye maneno makali mbele ya mke mwenziwe, makusudi, wakashikana nywele, na watoto wakaacha sarakasi wakawatazama wao.

Kubwa kuliko zote ilikuwa sheria ya ngoma. Vijana walipiga ngoma mara tatu kabla ya kuanza. Ya kwanza, waite wanao. Ya pili, wakalishe. Ya tatu ikilia, leso isiyo na watoto inakunjwa, na pahali pale anapewa mama aliyesimama karibu na watoto wake. Hapo mtu mzima hawezi tena kumshikia nafasi mtoto ambaye hajafika. Hakuna "yuko njiani", hakuna "ameenda haja". Kwa sheria hiyo aliwahi kumkunjia leso mke wa tajiri mwenye maduka mawili, na mimi alinikunjia mara mbili. Mimi, wifi yake! Mara ya pili sikusema naye mpaka mfungo sita, mwezi wa Maulidi.

Sasa nije kwenye Idi ya mwaka themanini na tano.

Saad, mwana wa pekee wa Shekha, alikuwa ameoa Mambrui. Wakaachana vibaya, Saad akaenda zake Uarabuni kutafuta kazi, na mtoto wao Mwanabibi akabaki na mama yake nyumbani kwa Bi Barke, bibi yake wa upande ule. Bi Barke alikasirika kwa ajili ya binti yake, na hasira zake zote akazimwagia kwa Shekha, maana Saad alikuwa mbali hazimfiki. Kwa miaka mitatu Shekha hakumtia mjukuu wake machoni. Alikwenda Mambrui mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa kibarazani kwamba mtoto amelala. Mara ya pili ilikuwa saa nne za asubuhi.

Kumi la mwisho la Ramadhani ujumbe ukaja. Mwanabibi ametimiza miaka sita, amesikia habari za sarakasi kwa wenziwe, na hampi mtu raha nyumbani. Bi Barke atamruhusu aje na mjomba wake Abdulghani. Lakini sharti akae mbele, chini ya macho ya Shekha. Akikosa pa kukaa, arudi papo hapo, wala habari ya Malindi isitajwe tena. Yeye hakumlea mtoto aje kusukumwa na umati.

Shekha aliposikia alicheka. "Pa kukaa?" akasema. "Kwangu mimi?"

Siku yenyewe alitandika leso mpya, ingali na ukavu wa dukani, katikati kabisa ya safu ya mbele. Akaniketisha juu yake. "Wifi, leo ukae kimya wala usiinuke," akaniambia, akaenda zake kupanga watu. Alikuwa amefunga kashata za nazi katika karatasi, akazificha ndani ya buibui, na kila baada ya muda alizipapasa kuona kama zipo.

Ngoma ya kwanza ikalia. Mwanabibi hajafika. Ya pili ikalia. Nikaona Shekha anaitazama barabara huku akimkemea mtu mwingine kabisa. Baadaye tulikuja kujua kwamba gari lao lilipasuka gurudumu kabla ya daraja la Sabaki, lakini wakati ule hatukujua chochote ila kwamba hawapo.

Nyuma yangu alisimama mama mmoja Mgiriama na watoto wanne. Jina lake Kahonzi, mkulima wa Adu, na alikuwa amekuja mjini kumzuru dada yake. Watoto wake walikuwa na vumbi mpaka magotini. Hakusukuma, hakuomba. Alikuwa amemweka mdogo begani ili aone angalau juu ya vichwa vyetu.

Ngoma ya tatu ikalia.

Uwanja mzima ukatutazama sisi, si vijana wa sarakasi. Wanawake wote walijua leso ile ni ya nani na inamngoja nani, maana mji wetu hauna siri. Mke wa tajiri, aliyekuwa amekaa vizuri na wanawe safari hii, akasema kwa sauti ya kusikiwa, "Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma."

Shekha akaja akasimama mbele yangu.

"Wifi," nikamwambia polepole, "mimi n'na goti bovu, wajua. Sema nimeshindwa kuinuka. Dakika kumi tu. Nani atakuuliza?"

"N'tajiuliza mwenyewe. Inuka."

"Shekha, ni Mwanabibi!"

"Jina lake nalijua. Inuka, wifi."

Nikainuka. Nilikasirika hata machozi yakanitoka, na sioni haya kusema hivyo. Shekha akainama akaikunja leso mara nne, akaipiga kofi kuitoa mchanga. Kisha akaona Kahonzi hana cha kutandika, akaikunjua tena akaitandika pale pale.

"Mama, njoo na wanao."

Kahonzi akarudi nyuma hatua moja. "Hapo pana mwenyewe, mayo," akasema, akimwita mama kwa Kigiriama. "Mimi nasimama tu, nimezoea."

"Mwenyewe ni mwenye watoto. Hawa si watoto?"

"Ni watoto."

"Basi ni pao."

Wakakaa wanne wote, magoti yamebanana, na mama yao nyuma yao. Sarakasi ikaanza.

Haikufika hata nusu, nikamwona Abdulghani anakuja mbio kutoka upande wa ghala, amemshika mkono msichana mwenye gauni la kijani, hina mpaka kwenye viwiko. Shekha akamwona kabla yangu. Alikwenda kuwapokea nyuma ya watu, nami nikamfuata.

"Shikamoo, bibi," akasema Abdulghani, anahema. "Gari limetutesa. Pahali pake pako wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Palikuwapo. Ngoma imelia."

Nikaitazama safu ya mbele kutoka mwanzo hadi mwisho, labda nitaona pengo. Kila leso ilikuwa na watoto wanne, kama alivyoamuru yeye. Kahonzi alikuwa ametupa mgongo, na ngoma zilifunika maneno yetu. Hakujua lolote, maskini.

Abdulghani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetumwa. "Bibi, mimi nimeagizwa—"

"Najua ulivyoagizwa. Sikulaumu."

Shekha akachutama, akamshika mtoto mashavu, akambusu kwenye paji la uso. Mwanabibi akambusu mkono kwa adabu, kama alivyofundishwa kwao. Akapewa kashata zake. Kisha mjomba wake akamwongoza kurudi, naye alikwenda kinyumenyume njia nzima, shingo kainyoosha ili aone juu ya watu, mpaka pembe ya ghala ikamficha. Shekha akafuta mikono kwenye buibui, akarudi kwenye kamba, akamwambia mtoto mmoja aliyesimama, "Wewe, keti, mwenzio haoni."

Nilirudi nyumbani bila kumuaga. Nilijisemea kwamba huyu moyo wake ni jiwe la kusagia, na kwamba damu si nzito kuliko maji kwa watu wote.

Asubuhi ya Idi tatu akanibishia hodi, amekwisha vaa.

"Vaa twende Mambrui."

"Utaambiwa mtoto amelala."

"N'tamngoja aamke. Leo sina kazi."

Bi Barke tulimkuta kibarazani anachambua mchele. Hakutukaribisha. Shekha akamsalimu kama inavyopasa, akaketi bila kuambiwa, nami nikaketi kando yake, maana hasira ni zangu lakini wifi ni wangu pia.

"Umemfukuza mjukuu wako," akasema Bi Barke, macho kwenye ungo, "kwa ajili ya watoto usiowajua hata majina."

"Sikumfukuza. Alichelewa."

"Damu yako mwenyewe, Shekha!"

"Ndiyo. Na ningempangia pahali kwa dhuluma, uwanja mzima ungemtazama yeye. Wangesema huyu ndiye aliyekalia haki ya mwenziwe kwa sababu bibi yake ndiye mkubwa wa kamba. Wataka Mwanabibi aketi hivyo?"

Alisema kwa sauti ile ile ya juu ya kreti. Bi Barke alichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Mwanabibi akatoka ndani. Hakuwa amelala. Akaja moja kwa moja mpaka magotini pa Shekha.

"Bibi, basi nihadithie. Walifanyaje?"

Shekha akafungua kinywa. Akakifunga. Nimeishi naye miaka mingi, nimemwona akiwajibu matajiri, maimamu na askari wa manispaa, lakini kabla ya siku ile sikupata kumwona amekosa neno.

"Sijui, mwanangu," akasema mwisho. "Sikuiona."

"Lakini ulikuwapo!"

"Nilikuwa nimeipa mgongo. Mwenye kuangalia watoto huwatazama watoto."

"Na mwaka jana?"

"Na mwaka jana pia."

"Na kabla yake?"

Shekha akatikisa kichwa. Hapo ndipo nilipohesabu kwa vidole chini ya buibui langu: Idi saba. Idi saba nilikaa nikitazama sarakasi kupitia bega lake, nikimnunia kwa ajili ya leso, na hata siku moja sikujiuliza yeye anaona nini. Niliona haya kweli kweli.

"Lakini nilichokiona n'takwambia," Shekha akamwambia mtoto. "Moto ukiwashwa, watoto wote hufungua vinywa pamoja, na mapengo yote ya mji wa Malindi ukayaona siku moja. Akipanda mtu juu ya mtu, shingo zao hupanda naye. Jana kulikuwa na mmoja, mdogo kuliko wewe, ametoka Adu. Kila kijana akiruka, yeye naye aliruka pale pale alipokaa, mpaka mama yake akamshika mguu."

Mwanabibi akacheka, kisha akaziba mdomo kwa mkono, maana naye ana pengo. Bi Barke akajaribu kutocheka. Hakufaulu. Akaweka ungo chini, akasimama, akasema kwa ukali kama anayegomba, "Ingieni ndani. Mnataka watu waseme nawapa wageni jua?"

Tulikula chakula cha mchana kwake. Walizungumza mambo mengi, mengine ya Saad, ambayo si yangu kuyasema hapa. Tulipokuwa tukiaga, Bi Barke akaninyooshea kidole mimi, si Shekha. "Mwakani kamba utaisimamia wewe, Fatu. Huyu ataketi na mtoto. Mtu gani anaandaa karamu miaka saba hajaonja?"

Shekha akabisha. Akasema nitailegeza kamba, nitawahurumia watu, goti langu bovu halitapanda kreti. Bi Barke akamwambia anyamaze, na Shekha, kwa maajabu ya Mungu, akanyamaza.

Idi iliyofuata Mwanabibi alifika kabla hata ya ngoma ya kwanza, ameletwa na Bi Barke mwenyewe. Nilipanda kreti. Niliwapiga watu kelele hata koo likaniuma, na nikamkunjia leso jirani yangu wa mlango kwa mlango, ambaye mpaka leo hanijibu salamu vizuri. Ngoma ya tatu ikalia, nikaipa mgongo sarakasi.

Waliwasha moto, nilijua kwa joto lililonipiga shingoni. Mbele yangu alikaa Shekha, mwanamke wa miaka hamsini na minane, amempakata mjukuu wake. Kitambaa kimemtoka kichwani, hajui. Amemshika mtoto bega kwa nguvu. Kinywa ki wazi, na mapengo yake yote ya magego nikayaona.

Watu waliniuliza baadaye vijana walicheza nini mwaka ule. Niliwaambia sikuona. Nilimtazama wifi yangu mpaka mwisho.