Laleni Wote

Tulimwita Mbishi, na jina hilo hakupewa na maadui. Alipewa na mama yake mzazi, siku alipokuwa na miaka sita akagoma kuvua viatu vipya vya shule, akalala navyo. Jina likamganda. Alipokuwa mwanamke mzima akawa analitumia mwenyewe hata kwenye simu: "Ndiyo, Mbishi anaongea."

Mimi ni fundi cherehani. Duka langu na studio aliyofanyia kazi vilitenganishwa na ubao mwembamba wa plaiwudi, kiasi kwamba mteja wa kule akipiga chafya, mimi huku namwombea afya. Kwa miaka kumi na miwili nilisikia maneno yale yale kutoka kwa mwenye studio, tuliyemwita Bosi: "Mtoto akae. Mikono magotini. Atazame huku." Nyuma ya mtoto kulikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na kando yake maua ya plastiki yaliyofifia mpaka hujui zamani yalikuwa mekundu au ya zambarau. Mbishi ndiye aliyeshika kamera. Watoto walimpenda, maana alikuwa anajua kulia kama bata bila kufungua mdomo, na sijaona mtoto aliyemsikia akaendelea kununa. Lakini picha zikitoka, wote walifanana, wamekaza shingo kama wanapigwa picha ya pasipoti.

"Hawa watoto nje wanaruka kama mbuzi," aliniambia siku moja, tukinywa chai mlangoni kwangu. "Wakiingia humu wanakuwa mahakimu."

Jumamosi moja ikaja familia ya watu sita. Baba alikuwa dereva wa lori, mpole, mabega mapana. Mama alikuwa muuguzi. Watoto watatu. Wa sita alikuwa dada mkubwa wa yule baba, mwanamke aliyemlea ndugu yake tangu wazazi wao walipofariki, na kwa sababu hiyo hakuna aliyethubutu kumkatalia neno. Ndiye aliyeitaka hiyo picha, aitundike sebuleni kwake.

Kitinda mimba alikuwa binti wa miaka mitano. Shingo yake haikuweza kubeba kichwa, mikono ilikwenda ilikotaka yenyewe, na udenda ulimtoka. Mama yake alikuwa amemsuka mistari midogo iliyonyooka sawasawa, akamvika gauni la njano lililoshonwa kwa mkono. Kazi safi, na mimi sisifu ovyo mshono wa mtu.

Kupitia ubao nikamsikia yule dada mkubwa: "Huyu mdogo mpelekeni kwa fundi hapo amshike kidogo. Ataharibu picha."

"Wifi, na yeye ni wa nyumba hii," muuguzi akasema kwa sauti ndogo.

"Sijasema si wa nyumba hii. Nimesema picha."

Baba alikohoa tu. Muuguzi akaja, akanilazia mtoto mapajani, asinitazame usoni, akarudi ndani. Nikakaa pale na yule binti, cherehani imesimama, nikingoja mlio wa kamera. Haukuja.

"Piga basi," Bosi akasema.

"Bado mtu mmoja," Mbishi akajibu.

"Mteja ameshasema."

"Nimemsikia. Na mimi nasema bado mtu mmoja."

"Wewe kazi yako ni kubonyeza."

"Basi sibonyezi."

Nilisikia kamera ikiwekwa juu ya meza ya kioo, taratibu, kama mtu anavyoweka yai. Picha ile Bosi akaipiga mwenyewe. Mbishi akatoka na mkoba wake, akasimama mlangoni kwangu, akamlilia yule mtoto kama bata. Binti akacheka kwa mwili mzima, miguu ikinipiga tumboni.

"Umeona?" Mbishi akaniambia. "Anacheka kuliko wote mle ndani." Akaenda zake, na studio ile hakuikanyaga tena.

Watu walimsema sana. Mama mkwe wake, aliyeishi naye wawili tu tangu mume wa Mbishi alipofariki, alimfuata jikoni. "Mwanangu, umeacha kazi kwa ajili ya mtoto wa watu?"

"Sijaacha, mama. Nimekataa. Ni vitu viwili."

Bibi yule hakuona tofauti. Mbishi aliniambia baadaye kwamba aliogopa sana siku zile. Aliamka asubuhi, akajiandaa, akafika mpaka mlangoni, ndipo akakumbuka hana pa kwenda. Lakini kila alipojiuliza kama angerudi Jumamosi ile angefanya nini, jibu lilikuwa lile lile.

Siku ya nne muuguzi akaja dukani kwangu, bado yuko kwenye sare ya kazi, akiuliza Mbishi anaishi wapi. Nikafunga duka nikampeleka mwenyewe. Mambo kama hayo huwa sipendi kusimuliwa.

"Nataka picha ya wanangu wote watatu," muuguzi akasema, kabla hata ya kukaa. "Shida ni kwamba taa kali zinamtisha mdogo wao. Analia mpaka anakosa pumzi. Anatulia nje tu, chini ya miti. Anapenda kuangalia majani yakitikisika."

"Basi tutaenda kwenye majani," Mbishi akasema. Alikuwa na kamera yake kuukuu, mfuniko wa betri umebanwa kwa plasta ya kidonda.

Tulikutana kwenye bustani ya umma kando ya mto, saa moja na nusu asubuhi. Baba alikuja pia. Hakumwambia dada yake. Mbishi alichagua muda ule makusudi, jua likiwa bado la pembeni. Jua la mchana, alisema, linamchimba mtu macho, na la asubuhi linampaka mafuta.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Mtoto aliwekwa magotini kwa baba, kichwa kikaanguka. Akaegemezwa kwenye shina la mti, akateleza. Kaka yake akamshika kichwa kwa viganja viwili, na wote wakawa wakavu vile vile, kama wako mbele ya lile pazia la Bosi. Muuguzi akaanza kufuta macho kwa mtandio. Mbishi akaketi chini, akawa anang'oa nyasi moja moja. Kisha akasema:

"Laleni."

"Nani?" baba akauliza.

"Wote. Tangu tufike tunamlazimisha akae kama sisi. Sasa sisi tulale kama yeye."

Wakalala chali, vichwa pamoja, miguu nje, binti wa gauni la njano katikati, akitazama matawi. Chini pale shingo yake haikuwa na kazi. Akatulia. Mbishi akaazima ngazi ya mtunza maua, akapanda, mimi nikaishika.

Hapo ndipo askari wa bustani alipokuja, rungu kwapani. "Shuka. Hapa hapapigwi picha."

Mbishi hakugeuka. "Imeandikwa wapi?"

"Kwenye kibao cha getini."

"Kinasemaje?"

Askari alikijua kwa moyo. "Usichume maua. Usioshe gari. Usifunge mbuzi."

"Endelea."

"Kimeishia hapo."

"Sijachuma, sijaosha, na mbuzi sina."

Baba ndiye aliyeanza kucheka pale chini, kwanza tumbo, halafu sauti. Watoto wakafuata. Yule mdogo akacheka mwili mzima kama siku ile, mkono wake ukaruka ukatua juu ya shavu la baba yake. Mbishi akabonyeza.

Kisha akateremka, akamwambia askari, "Sasa nipeleke kwa mkubwa wako."

Mkuu wa bustani alisema picha zinahitaji kibali. Mbishi akaomba fomu ya kibali. Hakukuwa na fomu. "Kama hakuna fomu, hakuna katazo," akasema, na kesho yake akaja tena, akakaa kwenye benchi mbele ya ofisi mpaka ilipofungwa. Akafanya hivyo siku sita. Siku ya saba mkuu akachoka: apige, lakini amalize kabla ya saa nne, na asikanyage maua.

"Maua sijawahi kuyakanyaga," Mbishi akajibu. Hata ruhusa hakuweza kuipokea bila kubisha.

Picha ile muuguzi aliitundika sebuleni, mkabala na mlango. Yaliyofuata alinisimulia nikimpima sare mpya. Wifi yake alikuja, akaitazama muda mrefu, akaitoa ukutani, akailaza kifudifudi juu ya kabati. Dereva akainuka, akaichukua, akairudisha kwenye msumari wake.

"Dada, umenilea, na hilo sitalisahau," akasema. "Lakini hii ni nyumba ya wanangu. Haitoki."

Dada mtu akachukua mkoba akaondoka, na miezi mitano hakukanyaga pale. Aliporudi alichagua kiti kilichoipa picha mgongo. Mpaka leo hukaa hicho hicho. Muuguzi anamtengea chai pale pale, na picha haijasogea.

Habari zilienea kutoka wodini kwa muuguzi. Wakaanza kuja watu walioambiwa mahali kwamba wataharibu picha: pacha wasiotulia, mtoto asiyeona, bibi asiye na meno hata moja aliyecheka kuliko wajukuu zake.

Mwaka ulipoisha, Bosi akanituma. Nimwambie Mbishi aje tu aombe radhi, nafasi yake ipo.

Nilimkuta bustanini amelala kifudifudi, viwiko vina matope, mbele yake mtoto wa mwaka mmoja akitambaa kuelekea mtoni, na wazazi wameduwaa hawajui wamshike au wamwache. Nikamfikishia ujumbe.

"Radhi ya nini?" akauliza, jicho kwenye kamera.

"Hakusema."

"Mwambie niko kazini." Akaanza kutambaa kumfuata mtoto.