Kumwogelesha Lami

Siku yangu ya kwanza kazini, Nyapara Masudi alinitupia sufuria yenye masizi akaniambia, "Hii ya mbwa. Ukiichanganya na za watu, utaila wewe." Hayo ndiyo makaribisho niliyopewa. Nilikuwa kijana wa Likoni, mtoto wa wakulima wa mihogo. Chuoni nilisoma juzuu chache za Kurani, na skuli niliijua kwa kupita nje ya ua wake. Kazi yenyewe ilikuwa shambani kwa Bwana Hargrove, meneja wa minazi na mikorosho, katika ile miaka ya mwisho ya Wazungu. Alifuga kundi la mbwa wa kuwinda nguruwe mwitu, na mimi niliajiriwa kuwatunza.

Majina nitayataja. Baadhi ya wenyewe wamekufa, na wengine wanakaa barazani wakipigiwa shikamoo. Mimi sikulipwa ada ya kunyamaza.

Vijana wa leo mnaona mbwa ni wa kutupiwa mfupa tu. Sisi tulimpikia unga wa mahindi na vichwa vya papa, tukaupoza kwanza, maana mbwa akila cha moto hupoteza pua, na mbwa wa kuwinda asiye na pua ni mkia unaotembea. Jioni tulimpapasa mwili mzima kutafuta kupe, baina ya vidole, ndani ya masikio. Kupe humng'oi hivihivi, kichwa kitabaki ndani. Unampaka mafuta ya taa, unangoja aachie mwenyewe.

Na kulikuwa na jambo letu sisi Waislamu. Mbwa mkavu kwa mkono mkavu hana neno. Balaa ni umajimaji: ulimi wake, pua yake, manyoya yakilowa. Hapo unaosha mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo. Basi nyuma ya banda niliweka debe la maji na lundo la udongo mwekundu, na kila jioni nilijitwahirisha kabla ya kwenda kwetu. Hata hivyo mama alitundika kikombe changu kwenye msumari nje, mbali na vya wenzangu. Alikitundika tu.

Mwenzangu bandani alikuwa Mutua, Mkamba wa bara, mtu wa mzaha. Yeye mbwa alimkumbatia kama ndugu yake. "Nyinyi Wadigo," aliniambia, "mnaosha mpaka mtamaliza ngozi."

Lami alizaliwa bandani petu. Alikuwa mweusi tititi kama lami ya barabarani, na hilo jina alimpa Mutua. Alipofika kimo cha kuanza kufunzwa, niliona haendi kama nduguze. Akikimbia, miguu ya nyuma aliiruka pamoja kama sungura. Akitaka kuinuka, huanza kwa mbele, hukaa, hufikiri, ndipo hujivuta. Asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akishapata jua na kutembea kidogo, unaweza kuapa kwamba hana lolote. Lakini pua yake! Nguruwe akipita usiku, Lami asubuhi anakuonyesha hata alipojikuna.

Bwana akamwita Daktari Demelo, Mgoa aliyekuwa na dispensari ya wanyama Changamwe. Akavuka na feri, mkoba mkononi. Tuliweka mlango wa zamani juu ya mapipa mawili, Lami akalazwa chali juu yake, mimi nikashika kichwa kwa gunia kavu na Mutua akashika miguu ya mbele. Daktari akaikunjua miguu ya nyuma polepole, akaizungusha. Kukalia ko. Niliisikia kwa masikio yangu, na Lami akalia sauti nyembamba, kama mlango wa nyumba isiyokaliwa na mtu.

"Nyonga ni kinu na mchi," Daktari alisema. Alizoea kutueleza hata sisi wa bandani, na kwa hilo namshukuru. "Kinu ni shimo la kiunoni. Mchi ni kichwa cha fupa la paja. Kinu cha huyu hakikuchimbika, ni kama sahani. Mchi unacheza, unatoka, unasaga. Pande zote mbili."

"Sasa?" Bwana akauliza.

"Njia ni tatu. Ya kwanza unayo mwenyewe ndani ya kabati, na risasi yake. Ya pili ni kisu: kukikata kile kichwa cha fupa, nyama ishike mahali pake. Mimi sijawahi kuifanya, itabidi apelekwe Nairobi, na huenda asirudi. Ya tatu ni maji. Aogeleshwe kila siku, baharini, huku ndani ya mwamba ambako mawimbi hayafiki, mahali ambapo miguu haigusi chini. Nyama za paja zikijaa, zitaushika mchi ndani ya sahani. Lakini asikimbie nchi kavu hata hatua moja mpaka masika yaishe. Akikimbia kabla, tumepoteza yote."

Bwana akatugeukia. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu. "Haya. Nani taingia maji na yeye?"

Hapo ndipo kazi ilipokwama, na ikikumbukwa leo watu hucheka. Sisi watu wa pwani, kuogelea tulijua kabla ya kusema. Lakini mbwa aliyelowa kifuani mwako, ukimkumbatia! Hakuna Mwislamu aliyeinua uso. Na Mutua, aliyekuwa tayari kulala na mbwa kitanda kimoja, alirudi nyuma.

"Bwana, mimi Mkamba," akasema. "Maji nayajua ya kikombe."

Waliojua kuogelea hawakuweza kumgusa, na aliyeweza kumgusa hakujua kuogelea. Nyapara Masudi akapiga ulimi. "Bwana, risasi moja tu. Mbwa wako wengi."

"Kesho asubuhi," Bwana akasema. "Mtu nikosa, napiga mbwa risasi."

Jioni ile nilikwenda kwa Mwalimu Shee, aliyenisomesha chuo. Nilimkuta akijikata kucha za miguu kwa kisu kidogo.

"Asalaam aleikum, Mwalimu."

"Waaleikumu salaam. Kaa huko, usinikanyagie kucha."

Nikamweleza. Akaendelea na kucha. "Bahari," akasema mwishowe, "haina udogo wa kunajisika kwa mbwa mmoja. Ukitoka nje, osha mara saba, moja kwa udongo. Udongo unao?"

"Ninao."

"Sasa shida yako nini?"

"Watu, Mwalimu."

"Hao," akasema, "hata ukiwaosha mara sabini hawatakati."

Nikacheka, nikaondoka na furaha. Laiti angaliyasema maneno yale mahali pengine pia.

Asubuhi nilimwambia Bwana nitaingia mimi. Masudi alinitazama kama mtu anayetazama chombo kilichoingia ufa.

Sasa nataka niwaeleze yale maji, na sijui kama kalamu yangu inaweza. Tulikwenda alfajiri. Zilipokuwa siku za maji mafu, bahari ndani ya mwamba ilitulia kama iliyowekewa kifuniko. Nilimpitisha Lami kitambaa cha merikani chini ya tumbo, nikazishika ncha zake mbili mgongoni, nikaingia naye kinyumenyume. Mutua alibaki ufukweni, ameshika kamba ya kutuvuta. Siku za mwanzo Lami alitetemeka, macho yamejaa weupe. Halafu siku moja mchanga ulimwisha chini ya miguu, na akaacha kuogopa. Ile miguu ya nyuma, iliyokuwa ikiruka kama ya sungura, ikaachana. Mmoja huu, mmoja huu. Polepole, kama mtu anayepanda ngazi usingizini. Niliitazama chini ya maji ya kijani, na haikuwa na kilema. Majini Lami alikuwa mzima kama siku ile Mungu alipomkusudia.

Jua lilitoka nyuma ya mwamba, maji yakageuka rangi ya maziwa, kisha rangi ya shaba. Pumzi yake ilikuwa karibu na sikio langu. Wakati mwingine nilisahau ni nani anayemshika mwenzake. Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo, lakini nikiulizwa nilifanya kazi gani duniani, ninaiona ile tu, kimya kile, na Mutua kwa mbali akisogea kila juma hatua moja ndani ya maji. Mpaka siku moja yakamfika kiunoni akapiga kelele, "Mdigo! Mwambie bibi yangu nilikufa kiume!"

Lami akajaa. Mapaja yakawa magumu kama kamba ya nanga. Akainuka asubuhi bila kufikiri.

Mimi nilipungua. Masudi alieneza mtaani kwamba Bakari, ndiye mimi, anakumbatia mbwa majini, kisha anakuja kusimama na watu msikitini. Ndiyo, niliosha. Mara saba, kila siku, hata ngozi ikapasuka. Lakini Ijumaa niliposimama kwenye safu, watu wa kulia walisogea kulia, wa kushoto wakasogea kushoto, nikabaki na nafasi ya watu wawili kila upande. Mwalimu Shee alikuwa mbele yangu. Aligeuka, akaona. Neno moja lingetosha, lile alilonipa akikata kucha. Akakohoa, akatazama kibla. Huyo namweka wa kwanza katika majina, kabla ya Masudi, kwa sababu Masudi hakuwa akiijua hukumu yake.

Masika yalikuwa bado yananyesha. Habari za uhuru zilikuwa kila mahali, na Bwana Hargrove alikuwa akifunga masanduku. Wakaja wageni wake, akataka kuwaonyesha windo la mwisho. Asubuhi hiyo Masudi aliniamuru nivuke feri nende Changamwe nikachukue dawa ya minyoo kwa Daktari. Nikaenda. Daktari akanitazama. "Dawa gani? Nilikupeni juzi." Hapo nikajua. Nilirudi mbio, na feri ile ilikuwa ikitambaa kama konokono.

Walionisimulia walisema hawajaona mbwa akikimbia vile. Masudi alikuwa amemwambia Bwana, "Lami amepona, nimemwona kwa macho yangu." Akafunguliwa. Akawapita wote, akamweka nguruwe dume kwenye kona ya ua wa mikorosho, wageni wakapiga makofi. Nami ninaamini alifurahi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nilimkuta bandani amelala ubavu. Alinipigia mkia chini, mara moja, na nyuma yake haikusogea.

Kesho yake Daktari alikuja tena, mlango ukarudi juu ya mapipa. Alipomaliza kumpapasa hakumtazama Bwana. "Nilisema asikimbie."

"Sasa kuna nini?"

"Kisu, au bunduki. Au maji, tuanze upya. Atatembea. Kuwinda, basi tena."

"Mbwa hapana winda, ya nini?" Bwana akasema. "Mimi nakwenda. Hapana ngoja mbwa." Akamwashiria Masudi alete bunduki.

Sikujua nimesimama mpaka niliposikia sauti yangu. "Bwana, nipe mimi."

Masudi akacheka kwa nguvu. "Mdigo anaomba mbwa! Utampeleka kwa mama yako?"

Mutua ndiye aliyejibu, kichwa chini, bado ameishika miguu ya Lami. "Bwana, mpe tu. Mahari amekwisha kutoa."

Hata Daktari alicheka. Bwana akatazama saa yake, akainua mabega, akanirushia mnyororo. Kwake jambo lilikuwa limekwisha.

Bwana akasafiri, uhuru ukaja, na Masudi akahamia nyumba kubwa ya shamba. Ndiye aliyekuwa akitoa hotuba juu ya haki. Mutua alirudi kwao na salamu zake zikakatika. Mimi nilijenga kibanda ukingoni mwa pwani, maana nyumbani kwa mama, Lami hakuwa na pa kuingia, na mimi bila yeye sikutaka kuingia. Alfajiri tulirudi majini, sisi wawili, bila mtu wa kamba. Alitembea, akichechemea, mpaka uzee wake. Daktari Demelo aliniajiri Changamwe kumshikia wanyama, ng'ombe, punda, paka wa Wahindi, nami nikaifanya kazi hiyo mpaka mgongo uliponitoa, kabla ya mvi kunitoa.

Mkiniuliza nyinyi vijana mnaoshika wanyama leo, mganga akisema miezi, ni miezi. Mnyama anayeonekana amepona ndiye wa kuchungwa zaidi. Hilo ndilo somo la kazi. La watu sina.

Lami alikufa usingizini, kibandani, maji yakiwa yamejaa. Nilimzika juu ya mstari ambao hata maji makubwa ya bamvua hayafiki. Kisha nikaenda kwenye debe, nikajiosha mara saba, ya kwanza kwa udongo, taratibu, kama nilivyofundishwa. Nikainua mikono kwenye jua. Ilikuwa safi, haina hata harufu. Nikasimama nayo pale, sina pa kuipeleka.