Injini ya Boti Iliyopanda Uluguru

Nilipanda Mgeta, huko Uluguru, kwa sababu ya ugomvi. Baba yangu ni fundi seremala wa Kilakala, na kwa karibu miaka miwili alikuwa akiifufua boti ndogo ya Mzee Jivan, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro. Ni boti ya kasi ya kizamani, futi kumi na nne, pua ndefu, viti viwili vya ngozi, mbao za mkangazi zilizopigwa vanishi mpaka unajiona. Zamani marehemu baba yake Mzee Jivan aliiendesha Jumapili kwenye bwawa la shamba moja la mkonge, upande wa Kingolwira. Injini yake ilikaa ndani, katikati, chini ya kifuniko. Petroli ilipoadimika, iling'olewa ikauzwa kwa mtu wa milimani aliyetaka kuzungusha mashine ya kusaga. Boti ikaachwa godauni kuzeeka.

Sasa mbao zilikuwa tayari lakini injini haikuwepo. Mimi nimesomea uhandisi wa mitambo, na riziki yangu ninaipata kwenye garaji ya pikipiki. Nilisema tufunge injini ya kisasa, ile ya kutundika nyuma. Baba akaweka randa chini.

"Itundikwe wapi?"

"Kwenye ubao wa nyuma. Tunaukata kidogo katikati ushuke, tunauongezea unene kwa ndani."

"Nikate ubao niliouchonga kwa mkono wangu, halafu pua iinuke kwa uzito wa nyuma? Kakate meza ya mama yako."

Mzee Jivan alikuwa upande wake. "Binti, ukiitundikia dude nyuma inakuwa mtumbwi wa kuvulia kambale. Boti hii ina injini yake. Nasikia bado inanguruma huko juu. Kailete."

"Na kama haifai?"

"Injini yake au hakuna injini," Baba akamalizia. "Itakaa hapa hapa."

Sikuwa napinga kwa kupinga tu. Injini ya ndani ina sifa zake: uzito unakaa katikati, boti haiinui pua, na ukiitazama kwa nyuma huoni chochote kilichoning'inia. Lakini kila nilipouliza kwa nini lazima iwe ile ile, nilijibiwa kwa neno moja, "asili". Jibu hilo halinishibishi. Nikachukua futi ya kupimia, daftari na pikipiki.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Kilakala. Mlima ulikuwa umejifunika wingu mpaka kiunoni. Nilifuata barabara ya Iringa, nikakata kushoto Sangasanga, na jua lilinikuta Mlali, matenga ya nyanya yakiwa yamepangwa kando ya barabara kama ukuta. Mama mmoja aliyenikaangia maandazi alinitazama glavu na viatu.

"Unakwenda juu peke yako? Kufuata nini, karoti?"

"Injini ya boti."

Aliacha kugeuza maandazi. "Mwanangu, boti milimani?"

"Ndiyo hiyo hiyo, mama."

"Basi ukiipata, uniulizie na meli."

Kupita Kipera barabara inaanza kupanda, na pikipiki nayo ikaanza kulalamika. Kokoto, kona, tope jekundu, na kila kona inakuonyesha bonde refu zaidi ya lile uliloliacha. Juu zaidi ni matuta ya kabichi na njegere yaliyoshikilia mteremko utadhani yameshonwa. Nilivaa koti la pili. Mgeta nilijaza mafuta kutoka kwenye chupa, na kilomita kadhaa mbele barabara ikaisha mbele ya duka. Mwenye duka alinikubalia niache pikipiki.

Kutoka hapo ni mguu, karibu saa nzima kupanda. Niliisikia injini kabla sijaiona: tu-tu-tu nzito, ya taratibu, inajibiwa na mlima wa pili. Kibanda chake kilikuwa kando ya kijito, bati juu, mabanzi pembeni, na foleni ya wanawake wenye ndoo za mahindi. Kijana mmoja mweupe wa unga kuanzia nywele hadi vidole alizima mashine kunisalimia. Huyo ni Saidi, mtoto wa marehemu aliyeinunua.

Nilipiga magoti nikaitazama. Kibati cha shaba chenye jina la kiwanda kilikuwa bado kimeng'ang'ania ubavuni. Vingine vyote vilikuwa na historia yake.

"Hii kabureta?"

"Ya trekta."

"Pistoni?"

"Zilichongwa mjini, mara mbili. Na ukishaipasha kwa petroli, unaihamishia mafuta ya taa. Haibagui."

"Miguu ya kufungia je?"

"Ilikatwa, ikachomelewa kwenye fremu."

"Na gia ya kurudi nyuma iko wapi?"

Saidi alicheka mpaka unga ukamdondoka kwenye kope. "Kurudi nyuma kwenda wapi, dada? Mashine inasaga mbele tu. Ile gia iko kule, inazuia mlango wa banda la kuku."

Kilichonishangaza zaidi ni upande wa kupoza. Injini ya boti haina rejeta. Imeumbwa kunywa maji ya nje, kuyazungusha na kuyatema. Kwenye bwawa la Kingolwira ilikunywa tope. Hapa wamechukua bomba, wamelitumbukiza kijitoni juu kidogo, na maji baridi ya mlima yanateremka yenyewe, yanapita ndani ya chuma, yanarudi kijitoni. Nilishika bomba la kuingilia, vidole vikafa ganzi. Nimefundishwa juu ya upozaji mihula miwili chuoni na sijawahi kuona injini iliyopata makao mazuri kama yale.

Hata hivyo nilikuwa nimetumwa. Nilimtajia Saidi dau la Mzee Jivan. Lilikuwa dau la chuma cha kumbukumbu, halikufika nusu ya mashine mpya ya kusaga. Saidi alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Amechoka na unga, alisema, anataka kwenda kujaribu maisha Dar. Tukapeana mikono. Mwanamke mmoja kwenye foleni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mkiing'oa, sisi tutasaga wapi?" Nikasema watanunua nyingine. Akatazama bondeni, mahali kinu kingine kilipo, nusu siku kushuka na kupanda na ndoo kichwani, kisha akatazama viatu vyangu.

Asubuhi ya pili, baada ya kulala kwa mwenye duka, nilipokuwa napima fremu ili nijue pa kukata, mwanamke wa makamo aliyejifunga kanga mbili aliingia kibandani bila kubisha. Saidi alisimama wima.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Nimepigiwa simu jana. Wewe ndiye uliyenunua mashine kwa mtoto?"

"Nimeongea na mwenyewe, Saidi."

"Saidi ni mtoto wa marehemu. Mwenye mashine nani kakwambia ni mtoto?" Alivuta gunia akalikalia. Jina lake Bi Tausi, na marehemu alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake. "Mjomba alipofariki, vitu vyake vilirudi kwenye lukolo, kwenye ukoo wetu. Kwetu ukoo unafuata mama, na Saidi ana ukoo wa mama yake. Hapa anafanya kazi tu, tena vizuri. Mama yako kabila gani?"

"Mluguru."

"Ukoo gani?"

Nina shahada, na hilo sikulijua. Ilinibidi nipande kwenye jiwe lenye mtandao nimpigie mama Kilakala. Alicheka kwanza, kisha akaniambia, kisha akacheka tena. Niliposhuka na jibu, Bi Tausi alipiga makofi.

"Kumbe mtani wangu! Ndiyo maana. Watu wa kwenu wanajua bei ya kila kitu, mama zao hawawajui. Unaweza kuifungua injini hii na kuifunga?"

"Naweza."

"Na wewe mwenyewe unatokea wapi, hujui."

Wanawake wa foleni walicheka kwa raha kubwa. Nilicheka nao, masikio yakiniwaka.

Halafu akaacha utani. "Mimi sikatai kuuza. Naishi Mlali, mashine hii nakuja kuitazama mara moja moja. Ukoo ukikaa, watanisikiliza. Ila wewe ndiye uliyesoma, kwa hiyo nijibu. Chuma hiki kikiingia kwenye boti yenu, kitafaa?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Baba angefurahi, Mzee Jivan angefurahi, Saidi angepata nauli. Boti ingekaa karakanani kwa Baba ikiningoja nitafute gia ambayo haitengenezwi tena, halafu siku moja ingeingia bwawani. Na bwawa lenyewe siku hizi limejaa mchanga, visiki na magugu. Pangaboi ya injini ya ndani imefungwa chini ya boti moja kwa moja; ikigonga kisiki, shafti inayoizungusha imepinda, na maji yanaingia palepale shafti inapopita. Ile ya nyuma ikigonga inajiinua, na wewe unainua iliyobaki kwa mkono. Haya yote niliyajua tangu Kilakala. Nilikuja huku juu kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuyasema mara ya pili mbele ya Baba.

"Haitafaa," nikasema. "Kule itakuwa pambo lenye matatizo. Hapa ni injini."

"Basi umefuata nini?"

"Nimetumwa."

"Karudi ukawaambie waliokutuma." Alimgeukia Saidi. "Washa. Watu wana njaa."

Saidi hakunitazama. Ile safari yake ya Dar niliibeba na kuiangusha kwa siku moja. Kabla sijashuka, Bi Tausi alimwambia atafute mtu wa kumfundisha kazi ya mashine, ili akitaka kwenda aende. Sijui kama alikwenda.

Ijumaa hiyo, saa tisa alasiri, nilikuwa Mlali, saa kumi na moja Kilakala, tope mpaka magotini. Baba na Mzee Jivan walikuwa wamekaa kando ya boti wakinywa kahawa. Walitazama nyuma ya pikipiki, wakanitazama mimi.

"Iko wapi?" Baba aliuliza.

"Nimeiacha."

"Wamekataa?"

"Walikubali. Nimekataa mimi."

Nikawaeleza bila kupamba: kabureta ya trekta, pistoni za kuchonga, miguu iliyokatwa, gia inayozuia kuku. "Mnachokiita asili ni kibati cha shaba. Ningeweza kuwaletea hicho mfukoni."

"Nilikutuma kununua," alisema Baba, "sikukutuma kufikiri."

"Ulinisomesha, Baba. Hukuniambia nifikiri siku zipi."

Uso wake ulibadilika. Sikushusha macho. Mzee Jivan alizungusha kikombe.

"Inasaga vizuri?" akauliza.

"Unga laini kabisa, mzee."

"Baba yangu angesema huu ni uzembe." Alipapasa vanishi ya ubavuni. "Lakini baba yangu hatapanda. Nitapanda mimi, na macho yangu hayaoni visiki. Kata."

Baba alivaa kofia yake. "Naenda msikitini. Nikirudi nisikute vumbi la ubao ule."

Niliukata mwenyewe, Ijumaa ile ile, kwa msumeno wake. Nikauongezea unene kwa mninga, nikaziba tundu la shafti, na kwa kuwa uzito sasa umehamia nyuma, nikapeleka tangi na betri mbele chini ya pua. Vumbi nilifagia lote. Injini ya farasi ishirini na tano, aliyoinunua Mzee Jivan, niliitundika, nikaishusha, nikaipandisha, mpaka ikakaa sawa.

Kingolwira tuliishusha Jumapili ya wiki iliyofuata kwa toroli. Mzee Jivan alikaa kushoto, ameshika kofia kwa mikono yote miwili. Pua iliinuka kidogo mwanzoni, kama Baba alivyoonya, na katika hilo alikuwa sahihi. Kisha ikalala, na mkangazi ukaanza kukata maji. Kwenye magugu niliinua injini, tukapita kwa kasia, nikaishusha tena. Tulizunguka bwawa mara tatu. Tulipogusa nchi kavu Mzee akasema: "Kelele zake mbaya." Akaomba mzunguko wa nne.

Nilichojifunza Uluguru ni kwamba anayesema kitu kirudi kwenye asili yake, mara nyingi hajauliza nani atatembea nusu siku na ndoo kichwani ili kirudi. Nilijifunza pia jina la ukoo wangu, na nikaona aibu kwamba nililisikia kwanza kwa simu, juu ya jiwe.

Kwa Baba sijaomba radhi. Tunakula pamoja, tunaongea habari za mvua na bei ya mbao, na boti hatuitaji. Kwa watu anasema nimeiharibu. Nami kila Jumapili, nikichukua funguo, namwambia mlangoni, "Baba, kiti cha kushoto kiko wazi." Mpaka leo ananijibu kwamba ana kazi.