Tuta Lisilo na Mlango

Kariakoo, masika yakikaribia, utawaona mafundi wakipita na ndoo za saruji. Kila mwenye duka anapandisha kizingiti chake. Mmoja akipandisha, maji yanahamia kwa jirani. Jirani naye anapandisha zaidi. Mwisho wake wateja wanaingia dukani kama wanaopanda jukwaani, na maji yamebaki palepale mtaani, hayana mwenyewe. Hii ndiyo hekima yetu kuhusu mvua. Ingebaki Kariakoo nisingesema kitu. Tuliisafirisha mpaka kijijini.

Kimbunga kilikuwa kimeikata barabara ya kwetu pale bondeni. Watu wa nyumbani tunaoishi Dar tuna chama, na kila Jumapili tunakutana stoo, nyuma ya duka la mwenyekiti wetu, muuza vigae hapohapo Kariakoo. Tukakaa juu ya maboksi kujadili ujenzi. Mwenyekiti hakuhitaji mjadala.

"Tunainua," alisema. "Kifusi, changarawe, greda. Juu kabisa! Maji yaje yaione barabara kwa mbali."

Vigelegele. Nikanyoosha mkono. "Mwenyekiti, na maji yatapita wapi?"

"Yatajua yenyewe."

Ngoja nieleze taratibu, maana si jambo gumu, hata mtoto akionyeshwa analielewa. Barabara ya kijijini haiuawi na malori; inauawa na maji. Maji yanatoka mlimani na lazima yavuke kwenda mtoni. Ukiyawekea kalavati, yaani bomba pana la zege chini ya barabara, yanapita na kukuachia barabara yako. Ukiyazuia, yanasubiri, yanajaa, kisha yanajichagulia njia. Kwa hiyo tuta lililoinuliwa juu bila kalavati si barabara. Ni bwawa.

Na nyumba ya shangazi yangu iko upande wa mlimani, hatua chache kutoka barabarani. Bwawa likijaa, linajaa kwake.

Niliyaeleza hayo kwa upole, nikachora hata na chaki sakafuni. Mhazini, muuza magodoro, akacheka. "Dada yangu, wewe tuuzie madera. Barabara tuachie wanaume."

"Halafu kalavati lenyewe nani ataliona?" akaongeza mwenyekiti. "Liko chini! Picha utaipigaje?"

Hapo nikaelewa kwamba tulikuwa tunajenga picha.

Siku ya uzinduzi tulikwenda na msafara wa magari, akina mama tumeshona sare ya kitenge. Utepe ulikatwa, mwenyekiti akatembea juu ya tuta mikono nyuma kama mkuu wa wilaya. Shangazi alisimama mlangoni kwake, kule chini. Kutoka juu ya tuta tuliliona paa lake lote, mpaka bati lililopachikwa viraka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mmependeza." Akalitazama tuta. "Sasa maji yangu yatokee mlango gani?"

Mhazini akawahi kumjibu: "Mama, furahia maendeleo."

Mvua iliyofuata haikuwa hata ya kimbunga. Ilikuwa mvua ya kawaida. Maji yaliteremka, yakakuta tuta, yakageuka. Yakaingia jikoni kwa shangazi, yakaangusha ukuta mmoja, yakaanza kupanda chumbani. Majirani walikuja na majembe wakalichimba tuta letu zuri mpaka maji yakapata pa kutokea.

Picha zikafika kwenye kundi letu la simu. Ukuta ulioanguka hakuna aliyeuzungumzia. Mwenyekiti aliandika: "Nani kaharibu barabara yetu? Akamatwe!"

Jumapili hiyo sikwenda stoo peke yangu. Shangazi alikuwa amepanda basi kuja kwangu Magomeni, nikaenda naye. Alipitishwa kizingiti cha duka kwa kushikwa mkono, maana kilikuwa kirefu kuliko magoti yake yanavyotaka. Akaketi juu ya boksi, akapumua.

"Nimesikia mnamtafuta mtu," alisema. "Mimi ndiye niliyewaita wenye majembe, na jembe la kwanza lilikuwa langu. Nikamateni."

Mhazini akaanza kuchezea simu.

"Lakini, mama," mwenyekiti alijikaza, "ile ni mali ya chama."

"Na ile nyumba ni ya nani, baba? Nyie mmejenga ukuta mkaupa jina la barabara. Mimi nimeutoboa mlango. Mkirudi kujenga, msiuzibe."

Hakuna aliyepiga vigelegele, ila hakuna aliyebisha. Makalavati yaliwekwa palepale alipochimba shangazi, na mtaro wa mawe ukaelekezwa mtoni. Mwenyekiti alisimamisha kibao pembeni chenye jina lake, kikubwa kuliko kalavati. Alipata picha yake mwishowe.

Masika haya yameshuka kwa hasira. Juzi nilimpigia shangazi simu nikiwa dukani kwangu Kariakoo.

"Yanapita," alisema. "Yanapiga kelele chini ya barabara kama wageni wa harusi, lakini yanapita. Jikoni kukavu. Huko kwenu je?"

Nikachungulia nje. Mtaa ulikuwa umejaa maji, na mbele ya duka la vigae fundi alikuwa amepiga magoti, anakoroga saruji. Mwenyekiti alikuwa amesimama kando yake na mwavuli, anamwonyesha kwa mkono: juu zaidi, juu zaidi.

"Huku kwetu, shangazi," nikamwambia, "bado tunainua."